Mama Pepesa na Kipimo Alichokikosa

Ninaandika wasifu huu kwa malengo mawili: kumuaga muuguzi wetu wa macho, anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, na kumwomba, mbele ya wasomaji wote wa jarida hili, akubali kupimwa macho. Lengo la pili ndilo zito zaidi, nami kama mrithi wa meza yake nimepewa heshima ya kuliwasilisha.

Alipoajiriwa, ofisi nzima ilikuwa na kompyuta nne. Wakongwe bado wanazikumbuka: herufi za kijani, mlio kama wa nzi aliyefungiwa chupani, na vitambaa zilivyofunikwa navyo kila jioni utadhani zingeshikwa na mafua. Walioketi mbele yake waliinuka wakisugua macho kana kwamba yamejaa mchanga, wakanywa vidonge vya kichwa, wakarudi kukodoa. Yeye aliwapa amri moja tu: "Pepesa!" Alieleza kwa subira kwamba mtu akikodolea skrini husahau kupepesa, na jicho lisilopepeswa hukauka. Akawa anapita chumba hadi chumba, na kila alipotokea mlangoni macho yote yalipepesa kwa pamoja, kama darasa lililomwona mwalimu. Ndipo akaitwa Mama Pepesa. Jina lake rasmi limebaki kwa matumizi ya idara ya utumishi.

Vifaa vyake vilikuwa viwili: chati ya herufi na kamba yenye fundo. Kwa kamba alipima umbali kutoka usoni hadi kwenye skrini. Aliyekikaribia kioo kupita fundo alivutwa nyuma, kiti na mtu wake. Mhasibu mkuu, aliyeumwa kichwa kila alasiri kwa miaka miwili na kuzilaumu hesabu za wasaidizi wake, aligeuziwa meza robo tu, dirisha likawa ubavuni badala ya mgongoni. Kichwa kikapona. Lawama, wasaidizi wanasema, ziliendelea.

Hatutamsifu kwa haki tukificha kosa lake, maana yeye mwenyewe hakulificha. Chati ilitundikwa katika ujia wa chumba cha chai, mkabala na birika. Kwa miaka sita matokeo ya upimaji yalikuwa ya kujivunia, hata uongozi ukamtunuku cheti. Kisha siku moja mtunza masijala, ambaye sote tunamwita Bwana Faili, aliketi kupimwa, akausoma mstari wa mwisho bila kigugumizi, ilhali chati, iliyoshushwa kufutwa vumbi, ilikuwa bado mikononi mwa muuguzi, imegeukia sakafu.

"Dada, mbona hii tunaijua wote?" alisema. "Mtu akisubiri maji yachemke, asome nini kingine?"

Waliokuwa foleni waliangua kicheko. Mama Pepesa hakucheka. Alirudisha cheti siku ileile, akauandikia uongozi kwamba kwa miaka sita alikuwa amepima kumbukumbu za watu, si macho yao, kisha akawapima upya wafanyakazi wote mia mbili na kumi na wawili kwa chati alizozichora kwa mkono na kuzifungia kabatini. Ishirini na sita walipata miwani. Bwana Faili alipelekwa hospitali, ikagundulika presha ya jicho. Jicho la kulia lilikuwa limeshapotea. La kushoto likanusurika. Tangu hapo chati hubadilishwa kila mwaka.

Na zote huzichora yeye. Hapo ndipo penye jambo. Nilipokabidhiwa droo zake nilikuta kadi zake mwenyewe, moja kwa kila mwaka, na zote zimeandikwa kwa mwandiko wake neno moja: "Safi." Hakuna anayetilia shaka uaminifu wake. Lakini aliyechora chati huweza kuisoma hata akifumba macho.

Mwezi uliopita alisimama mlangoni pa uhasibu, akamkemea mtu aliyekodoa bila kupepesa. Kumbe lilikuwa koti la mhasibu mkuu, limevishwa kiti. Tulicheka hadi machozi, naye akatushinda wote. Bwana Faili peke yake hakucheka. Alinivuta kando.

"Mwanangu," aliniambia, "sisi alitushika. Yeye nani atamshika?"

Binti yake ametudokeza kwamba mama ameshanunua nyuzi za rangi kumi na mbili, ili afume vitambaa alivyokuwa akiviahirisha tangu alipoajiriwa. Kazi hiyo haitaki kukisia. Kwa hiyo Bwana Faili amechora chati mpya, kwa mkono wake na kwa jicho alilookolewa. Herufi zimepinda kidogo, nimeambiwa. Sijaziona, kwani amezifungia masijala na ufunguo analala nao.

Mama Pepesa, asante kwa kila kiti ulichokivuta nyuma, na kwa barua ile uliyoiandika pale ambapo kunyamaza kungekuwa rahisi zaidi. Tunakuombea siku ndefu zenye mwanga mzuri, na nyuzi zisizokupotea machoni.

Sherehe ya kukuaga ni Ijumaa saa nne. Wewe utatangulia kufika: saa mbili na nusu asubuhi, chumba chako kilekile, kiti cha wagonjwa. Bwana Faili atashika chati. Mimi nitaandika kadi.