Kitanda Kilichosifiwa na Wanaume

Kijiwe chetu kiko Fatick, Senegal, mkabala na zahanati mpya. Anayetupikia kahawa ya Touba, ile yenye viungo, ni Yacine, na tumbo lake ni la mwezi wa nane. Leo asubuhi hakuna aliyemtania. Ngoné, mke wa fundi cherehani, kajifungulia sakafuni, humo humo zahanati! Kitanda cha kuzalia kilikuwa kirefu kwenda juu, kikamshinda kupanda. Yeye na mtoto wazima, lakini sisi tulibaki midomo wazi.

— Sakafuni, jamani! alisema Latyr, tunayemwita Waziri kwa kuwa kila jambo analisemea yeye. — Na mimi niliwaambia wale wapimaji waliokuja kukagua zahanati kwamba haina kasoro!

— Nasikia kitanda chenyewe kinanifika kifuani, alidakia Mbagnick, jina lake Breki, kwa sababu mdomo wake hauna. — Mtu ana uchungu, apande na ngazi?

— Sasa mgeni anakuuliza kama mnastarehe, umwambie kitanda kirefu? alijitetea Waziri. — Aibu! Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Kapona sakafuni, sivyo?

— Breki, kile kitanda kilikuwa cha kawaida. Kimerefuka! Chuma cha ng'ambo kikipata jua letu kinatanuka.

— Acha we! Mbona mabenchi hayajafika darini? Kile ni cha wacheza mieleka, kimeletwa huku kwa makosa.

— Basi jini. Linalala chini yake, likijigeuza linakinyanyua.

— Astaghfirullah!

Mama Diodio, mzazi wa Ngoné, akatoka zahanati na beseni la vitenge vya kufua. Hakutusalimu. Kwetu mtu mzima asipokusalimu, afadhali akuzabe kofi.

— Wapimaji walimuuliza nani? akasema.

— Sisi, mama, akajibu Waziri. — Walipita hapa, tukawakaribisha kahawa. Tukawaambia kila kitu kizuri.

— Kati yenu, nani kashapanda kile kitanda?

Breki akatazama viatu vyake. Mimi nikamtazama Breki. Yacine ndiye aliyewamiminia wapimaji kahawa siku ile, akiwa amesimama katikati yetu na tumbo lake, na hakuna aliyemuuliza neno. Waziri akanyoosha kikombe aongezewe.

Yacine akafunika birika, akalisogeza kando.

— Imekwisha.

Wote tuliisikia kahawa ikicheza ndani.