Mwingereza Aliyelala kwa Tata Mulumba

Katika basi la kutoka Musonoi, mtaa wa wachimba madini, mwanafunzi Ernestine alikuwa akirudia msemo wa Kiingereza aliouona ni wa mtihani tu. Tata Mulumba, mzee aliyeketi kando yake, akamwuliza maana.

“Banasema mutu iko katikati ya jiwe na fasi ya nguvu, pahali pagumu, tata. Popote atageukia, ni mateso.”

Mzee akakodoa macho. “Mama, batoto yangu bakubwa banachimba kobalti chini ya chumba yangu. Kama banaendelea, nyumba itaanguka. Kama banaacha, tutakula nini? Mi nalala, nasikia nyundo chini ya kitanda.” Akashusha sauti kama yuko kanisani. “Ule Mwingereza alitunga huu msemo, alilalaka kwangu siku gani?”

Basi likasimama. Ernestine alishuka akikanyaga ardhi polepole, kana kwamba kulikuwa na watu chini yake.