Kifuniko cha Aiskrimu

Benchi liko nje ya duka la mikate, katika kijiji cha Tasmania chenye mashimo ya wombati mengi kuliko nyumba. Kila Jumamosi asubuhi hukaliwa na watatu walewale: Kipilipili, mwenye kichwa kama kiazi kilichomenywa, Mfupi, ambaye akiketi magoti humkaribia kidevu, na Glenys, mwalimu mstaafu. Wote huwalaani wombati, wanyama wanene wanaochimba chini ya uzio mpaka uanguke. Angalau ndivyo wasemavyo. Lakini nyuma ya nyumba ya Glenys kulikuwa na wombati mmoja aliyeliwa na upele hadi macho yakafumbika, naye Glenys alikuwa na wiki ya sita akimtibu kwa siri. Juzi alimwona anayumba. Leo hata pai yake ya nyama hakuigusa.

— Mimi nachunguzwa, alisema Kipilipili. Nyuma ya uzio wangu, mlangoni mwa shimo, mtu katundika kifuniko cha aiskrimu. Cha kijani. Kina kizibo cha chupa juu yake.

Glenys akanywa kahawa. Kifuniko kilikuwa chake: wombati wake hulala katika mashimo kadhaa, na hilo lilikuwa mojawapo. Wombati akikisukuma kwa kichwa, dawa iliyo kiziboni humwagika mgongoni.

— Watu wa madini hao, alisema Mfupi. Wanapima udongo kabla hawajatufukuza.

— Kwa kifuniko cha aiskrimu?

— Ndiyo ujanja wenyewe, bibie. Nani atashuku aiskrimu? Na mimi kwangu nimekuta kimoja. Cha njano.

Glenys akageuka. Cha njano hakuwa nacho. Kipilipili naye akawa anakuna kichwa kisicho na unywele.

— Hiyo ni serikali, Kipilipili alisema haraka. Kizibo ni kinasa sauti. Wanataka kujua tunasema nini kuhusu kodi.

— Umeking'oa? Glenys aliuliza.

— Ushahidi hauguswi, mwalimu.

— Tangu lini wewe unaacha kitu kwenye uzio wako?

— Na kilikuwa kikavu? aliuliza Mfupi.

— Kilijaa Jumamosi iliyopita. Kufikia Jumapili kilikuwa kimemwagika vizuri tu.

— Vizuri?

— Nimesema vibaya.

— Mbona unakwenda kukitazama kila siku, ndugu yangu?

— Na wewe mbona unajua kinatakiwa kuwa na maji?

Wakatazamana kama watu walioishi jirani miaka thelathini na leo kila mmoja anahesabu visu vyake jikoni.

Hapo akatoka Tamsin na mkate wake kwapani. Ana wiki tatu tu tangu aanze kazi katika duka la pembejeo.

— Afadhali nimewakuta pamoja, alisema. Kila mmoja wenu alinunua kwangu dawa ya kupe na upele ya ng'ombe. Nataka kuandika kwenye daftari. Ng'ombe wenu wako wapi?

Mfupi alitazama viatu vyake, safari ndefu kwa macho.

Ni Glenys aliyeongea, polepole.

— Wombati wenu ana sikio la kushoto lililochanika?

Kipilipili akaitikia kwa kichwa. Mfupi pia.

— Ndiyo maana anayumba. Mgongo mmoja, dawa ya vizibo vitatu. Nani ameshajaza leo?

— Mimi bado, alisema Mfupi.

— Mimi tayari, alisema Kipilipili, na tayari alikuwa amesimama ili akakimwage.

Tamsin akabaki na benchi tupu, pai tatu, na kalamu mkononi.