Bwana Alivyotuvua Nailoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Hapana, hiyo Ameni ni ya watu waliokunywa chai. Naomba na ya wale ambao hawajanywa. Bwana asifiwe! Haya, sasa tunaelewana.

Mimi naitwa Anasta, nipo kidato cha tatu, mtoto wa yule fundi wa kuchomelea mageti pale Ufukoni. Wengi mnanifahamu kwa kosa la kucheka wakati wa ibada. Mzee wa kanisa ameniambia ushuhuda wangu uwe mfupi na usiwe na vichekesho. Ufupi nitajitahidi. La pili nimemwachia Mungu, kwa sababu mambo yenyewe yalitokea hivyo hivyo.

Nimesimama kushuhudia jinsi Bwana alivyoikomboa nyumba yetu kutoka katika utumwa wa gari.

Zamani, ndugu zangu, tulikuwa na pikapu. Mnaikumbuka! Nani humu ndani hajawahi kuisukuma? Mlango wa abiria ulifungwa kwa kamba ya katani. Sakafuni palikuwa na tundu, ukiinama unaiona barabara inapita chini ya miguu yako. Honi ilikufa mapema, na baba badala ya kununua nyingine akaniajiri mimi. Nilisimama nyuma, nimeshika paa, na nikiona kuku, mbuzi au mwalimu wangu wa hesabu, nilipiga kelele: "Piiiii!" Walikuwa wanapisha. Mwalimu wa hesabu alipisha mpaka akaingia mtaroni, na hilo nalo namshukuru Mungu.

Jumamosi tulikuwa tunakwenda Mpapura kumchukua bibi, mama yake baba, aje kusali na sisi kesho yake. Bibi yangu ananiita mke mwenzangu, na mimi namwita bi mkubwa, kwa vile wote tumeolewa na babu, Mungu amrehemu, hakutuachia hata kanga. Bibi alikaa mbele, mfuko wa mabibo ya mikorosho mapajani, maji ya mabibo yanamchuruzikia mpaka miguuni. Nyuma nilikaa mimi, mihogo, kuku waliofungwa miguu, na kila mtu tuliyemkuta njiani. Maana hatukumpita mtu! Bibi alikuwa anapiga bodi kwa kiganja, baba anasimama, salamu zinaanza. Mmeamkaje, watoto hawajambo, korosho zimetoa maua, yule mgonjwa anaendeleaje. Mtu akipanda, anaanza tena kusalimiana na waliomo. Safari fupi ile ilitumaliza asubuhi nzima. Tulifika mjini tuna vumbi kwenye kope, tunanuka mabibo na kuku, na tunajua habari za kila nyumba.

Sikujua kwamba ile ndiyo ilikuwa raha. Nilidhani ni shida.

Sasa sikilizeni. Baba yangu ametengeneza mageti ya wakubwa karibu yote mnayoyaona hapa mjini. Na kila geti analoliweka, gari linalopita humo ni la mwingine. Yeye anabaki pembeni na miwani yake ya kuchomelea, analishikilia lipite. Msimu mmoja korosho zikakubali, mageti yakakubali, na mkubwa mmoja akahamishwa, akawa anauza gari lake la kifahari, vieiti. Nyeusi, vioo vyeusi, ndefu kama msiba. Dalali akaapa kwamba imetumika kidogo tu, eti mwenyewe alikuwa anaiendea kanisani. Ndugu zangu, gari lililokwenda umbali ule niliousoma kwenye dashibodi kwa safari za kanisani tu, basi kanisa lenyewe lilikuwa Kongo.

Fundi wa gari aliikagua injini. Baba hakuangalia injini. Alifungua mlango, akaufunga. Akaufungua tena, akaufunga. Mlango wa pikapu ulikuwa unasema "ngwaa!" Huu ulisema "pfu," kama tajiri anayekaa kwenye godoro. Nilimwona baba macho yamemlegea. Aliinunua ile "pfu," mengine yote yalikuwa nyongeza.

Pikapu akauziwa Mzee Bakari, jirani yake bibi kule Mpapura. Siku inaondoka sikulia. Macho yaliingiwa na vumbi tu, ingawa mvua ilikuwa inanyesha.

Na hapo utumwa ukaanza! Viti vya vieiti ni vya ngozi, rangi ya maziwa. Baba akavivalisha nailoni vyote. Mkikaa jua la saa nane mnaungana na kiti, na kuinuka ni kama kubanduliwa plasta. Kisha ikaja amri ya viatu: hakuna kuingia na viatu! Unavua nje, unaweka kwenye beseni, beseni linakwenda buti. Baba mwenyewe alikuwa anaendesha kwa soksi. Vioo havishushwi, vumbi litaingia. Hatusimami njiani, watu watapanda na miguu yao. Watu wa njia ya Mpapura walituona tukipita, wao wakatoa salamu, sisi tukapunga mikono nyuma ya vioo vyeusi. Nani atakuona? Wakasema fundi siku hizi anaringa. Na mle ndani nilikuwa nalia, jamani, mbona napunga!

Mara ya kwanza kumchukua bibi, baba alipowasha gari sauti ya mwanamke ikasema jambo kwa Kijapani, ndivyo lilivyokuja. Bibi akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Akanigeukia: "Mke mwenzangu, huyo mtoto aliyefichwa humo ni wa nani? Kala?" Nilicheka mpaka nailoni ikachanika, nikachapwa kwa jicho.

Lakini kicheko kile hakikufika mbali. Bibi alikuwa na mfuko wake wa mabibo. Baba akautazama, akautazama na ule mkia wa maji unaotoka chini. Nyie ni watu wa huku, mnajua doa la bibo. Halitoki! Baba akasema kwa upole kabisa, "Mama, hayo tuyaache leo. Harufu na doa lake havitoki kwenye ngozi." Bibi hakubisha. Aliteremka, akampa mtoto wa jirani mfuko wote, akarudi akakaa, mikono mapajani. Njia nzima hakupiga bodi hata mara moja.

Jumamosi iliyofuata alisema goti linamuuma. Nyingine alisema kuna mbuzi mgonjwa. Bibi hana mbuzi, ndugu zangu.

Mama akajifungua. Mtoto wa kike, na akapewa jina la bibi, kwa hiyo bibi ni somo wake. Na kwetu somo ndiye anayemshika mtoto wakati wa kubatizwa. Mama alishikwa na bibi yake, mimi nilishikwa na shangazi mkubwa, na wanasema nilimng'ata mchungaji. Siku ya ubatizo ikapangwa. Bibi akatuma ujumbe kwa simu ya Mzee Bakari: "Mwambieni mwanangu, somo wangu nitamwona akishajua kutembea. Atakuja mwenyewe, kwa miguu, na viatu vyake."

Baba alikuwa anaifuta vieiti kila usiku. Usiku ule hakuifuta vieiti.

Jumapili ya ubatizo tuliondoka alfajiri, yeye na mimi, kwenda kumbembeleza. Alipiga magoti uani kwa bibi, na suti yake mpya. Bibi akamwacha apige magoti mpaka alipomaliza kufunga lemba. Kisha akasema, "Naja kwa ajili ya somo. Wewe ni dereva." Akavaa viatu vipya, vyeupe, alivyonunua kwa ajili ya siku hiyo. Akawaita shangazi zangu wawili, tukaenda barabarani lilikokuwa gari.

Sasa, beseni la viatu lilikuwa limebaki nyumbani, mama kalilowekea nepi. Hakuna aliyelikumbuka. Watu wazima wakafanya kama wafanyavyo mlangoni pa nyumba yoyote ya heshima: wakavua viatu, wakavipanga vizuri ukingoni mwa barabara, wakaingia. Baba naye akavua vyake, akavipanga. Mimi nikafuata wakubwa zangu, kama Maandiko yanavyofundisha. "Pfu," mlango ukafungwa. Mjapani akasalimia. Tukaondoka!

Tulifika kanisani kengele ya pili inalia. Mlikuwepo, msijifanye mmesahau. Baba akaleta gari mpaka mlangoni kabisa, kila mtu anatazama. Mlango ukafunguka. Mguu wa bibi ukashuka, ukapapasa chini. Ukapapasa kushoto, ukapapasa kulia, kama mguu wa mtu anayetoka msikitini.

"Viatu vyangu?"

Shangazi mkubwa akatoa mguu, mtupu. Shangazi mdogo, mtupu. Baba akazunguka mbele na suti yake na tai, miguuni soksi, na kidole gumba cha kulia kinachungulia watu. Nyie mkacheka! Kwaya ikacheka kwa sauti zote nne!

Mimi sikucheka. Andikeni hilo kwenye vitabu vya kanisa. Nilimwona bibi anaurudisha mguu ndani.

"Nirudishe kwangu," akamwambia baba.

"Mama, nisamehe, mtoto anasubiri..."

"Nirudishe. Siingii nyumba ya Mungu kama mtu aliyefukuzwa na mbwa."

Mchungaji akaja mbio kusaidia. "Bibi, hata Musa alivua viatu."

"Musa aliambiwa na Mungu," bibi akasema. "Mimi nimeambiwa na huyu."

Akamgeukia baba, na hakupandisha sauti. "Wewe nimekubeba mgongoni ukanikojolea. Ukanitapikia. Ukala mabibo ukanifuta nayo shingoni. Uliniona lini nimejitandika nailoni?"

Ndugu zangu! Baba yangu amezoea cheche za moto, hapepesi macho. Siku ile alipepesa. Aliinama, akavua soksi, moja, ya pili, akazitia mfukoni, akasimama kwenye changarawe miguu mitupu mbele ya kanisa zima. Akampa mama yake mkono.

Bibi bado hakuuchukua. Ni somo wake ndiye aliyeamua. Mtoto alianza kulia kule mikononi mwa mama, kilio cha njaa kisicho na adabu, na bibi akasema, "Haya, naitwa." Akashuka. Wakaingia ndani, bibi mguu mtupu, baba mguu mtupu, shangazi zangu nyuma, na mimi mkiani, changarawe zinanihubiria kila hatua.

Bibi akamshika somo wake. Mchungaji akachota maji. Na palepale, kutoka mbali, kutoka barabara kuu, nikasikia sauti.

"Piiiii! Piiiii!"

Moyo wangu uliruka! Honi bado haijanunuliwa! Halafu ile injini inayokohoa, halafu "ngwaa!" ya mlango, na miguu mingi inakimbia. Mzee Bakari akatokea mlangoni na kofia yake, viatu vya baba mkono mmoja, vile vyeupe vya bibi mkono wa pili, na nusu ya Mpapura nyuma yake.

"Hodi! Salaam aleikum jamani, mpo hai?"

Na kanisa zima likaitikia, "Wa aleikum salaam!" Mchungaji naye aliitikia, nilimsikia kwa masikio yangu.

"Tumekuta viatu vimejipanga njiani, watu hamna," akasema Mzee Bakari, jasho linamtoka. "Na gari lenyewe jeusi, halionyeshi aliyemo. Simu hazipokelewi. Tukasema basi, watu wetu wamebebwa!" Akamwona baba miguu mitupu. "Kumbe fundi upo. Mbona umetutia presha?"

Watu ambao tuliwapita msimu mzima bila salamu walikuwa wamepakiana kwenye pikapu yetu kuja kututafuta! Wengine hawakunawa uso. Mmoja alikuwa na jembe. Baba alilia, ndugu zangu, na mtoto alibatizwa kwa maji ya pande mbili.

Jioni bibi akasema anarudi na pikapu. Baba akaifunga vieiti, akaiacha uani pa kanisa, akapanda nyuma na suti yake, katikati ya watu. Mzee Bakari akaniuliza, "Mwanangu, kazi yako bado unaiweza? Mimi koo limekwisha." Nikapanda, nikashika paa palepale nilipokuwa nashika nilipokuwa mdogo. Rangi ilikuwa bado imechubuka kwa vidole vyangu. Nilipiga honi mpaka Mpapura. Tulisimama kila mahali. Bibi alipiga bodi mpaka kiganja kikamuuma.

Siku iliyofuata baba aliichana nailoni yote, akaitia moto. Iliungua vibaya na kunuka, na mama akasema huo moshi ndio pepo mwenyewe anatoka. Hatukuiuza vieiti. Sasa vioo vinashushwa, na tunasimama. Jumamosi iliyopita bibi alipanda na mfuko wa mabibo, akakaa mbele, miguu ndani ya viatu vyeupe. Mfuko ukachuruzika. Kwenye kile kiti cha rangi ya maziwa lipo doa la kahawia, kubwa kama kiganja. Baba alilitazama, kitambaa kipo mkononi. Akakirudisha kitambaa mfukoni.

Ninamshukuru Mungu, ninamshukuru Mzee Bakari, ninamshukuru na aliyevumbua mabibo. Na wewe uliyekaa hapo, kama nyumba yako ina kitu umekivalisha nailoni kuliko unavyomvalisha mama yako nguo, mwamini Bwana, atakichana. Msingoje aanze na viatu.

Jumamosi tunakwenda Mpapura. Nafasi zipo. Njooni na kuku, njooni na mihogo, pandeni na viatu vyenu. Honi ya vieiti ni nzima kabisa, lakini baba amesema haijui majina ya watu. Kwa hiyo nitapiga mimi.