Maji Yaliyozunguka Moyo wa Muthoki

Benchi la soko la Kwa Vonza lilikuwa ubao mmoja juu ya mawe mawili, mbele ya kibanda cha Nzioka, fundi wa baiskeli. Mwaka huo wa 1987, ukishika kikombe cha kahawa hapo, ulikuwa na ruhusa ya kusema lolote, na bingwa wa kusema alikuwa Mulei. Shule aliiacha darasa la sita. Mwenyewe alidai ni shule iliyoshindwa kumfuata, watu wa benchi wakambatiza Profesa. Jioni hiyo habari ilikuwa ya Muthoki, mtoto wa kaka yake. Daktari alikuwa amesema maji yamezunguka moyo wa mtoto. Si kifua kikuu. Ni tezi ya shingoni iliyozembea kazi, jambo lisiloonekana mara nyingi kwa watoto. Akampa vidonge.

— Tezi iko shingoni, maji yako moyoni. Hivyo vilikutana wapi? aliuliza Musyoka, mzee wa kanisa.

— Moyo ni pampu, Nzioka akajibu. Washa, ule mpira wa ndani, ikiisha, pampu inavuja.

— Wapi! Musyoka akapinga. Hayo ni machozi. Katoto kale hata ukikafinya hakalii. Machozi yakikosa njia ya juu yanateremka. Mficha uchi hazai!

— Mzee, methali hiyo ni ya wanaotaka watoto.

— Kwani moyo hautaki?

Mulei akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Nyinyi mnabahatisha. Mimi hiyo kesi niliimaliza jana. Mtungi ukijaa si unaacha kumimina? Haba na haba hujaza kibaba! Nikamwambia shemeji: maji marufuku. Hata uji ukoroge mzito.

— Daktari alisema hivyo?

— Daktari amesoma vitabu. Mimi nimesoma mtungi.

Wakapigana makofi ya mgongoni. Hapo akatokea Kaluki, mamake Muthoki, mtoto mgongoni, midomo ya mtoto imekauka kama gome.

— Hamjambo wazee. Shemeji, tangu asubuhi anaomba maji, nimemnyima kama ulivyosema. Sasa saa ya dawa imefika.

Akafungua ncha ya leso, akatoa kidonge kidogo cheupe.

— Nimmezeshe na nini?

Nzioka akainamia gurudumu. Mulei alitafuta methali, yoyote, hata ya kuazima, haikuja. Muthoki akamtazama tu, hana nguvu hata ya kuomba.

Mulei akainuka, akaenda mbio dukani kuomba maji safi.