Daktari wa Maneno

Baraza letu la Mtambile lipo ubavuni mwa duka la Jivraj, pale zinaposimama gari za abiria zitokazo mjini Chake. Kila baada ya alasiri Mmanga, muuza kahawa wetu, huweka dele lake la kahawa, nasi tukakaa tukabishana mpaka magharibi. Jumanne moja ya mwaka wa hamsini na tisa tulikuwa tukimngoja mwenzetu Masika. Msimu uliopita wa karafuu mdogo wake, Jaribu, alianguka mkarafuu akafa, na Masika alikuwa pale pale chini akimwona. Tangu siku ile mchumaji hodari kuliko sote hakupanda tena hata mpera. Usingizi ukamkimbia, chakula kikamshinda. Mwisho watu wa kwao wakamtuma, siku hiyo ndiyo ya kwanza, kwa daktari mgeni pale hospitali ya Chake, ambaye tuliambiwa hana sindano wala kidonge. Anatibu kwa mazungumzo.

Wa kwanza kutoa habari, kama kawaida, alikuwa Pandu, tuliyemwita Redio.

— Mie nimesikia anakufunga waya kichwani, halafu anasikiliza mawazo yako kama tunavyosikiliza taarabu.

— Hapana, yakhe, akasema Ame Wakili, aliyepata jina hilo kwa kutoa ushahidi kortini mara moja tu maishani mwake. Anaandika kila usemalo. Karatasi inakwenda serikalini. Ukitaja jina la mtu, kesho kaitwa!

— Wallahi?

— Wahenga wamesema, siri ya mtungi aijuaye kata. Ndio maana kwanza wanakupa maji unywe.

Mmanga akacheka, akatikisa vikombe.

— Kama mazungumzo ni dawa, basi hospitali ndio hapa, na daktari ndie mie.

— Weye hujui, Redio akamkata. Anakulaza kitandani, anakwambia hesabu mpaka mia. Ukifika hamsini umeshasahau jina la mamako. Unarudi kwenu mtu mwengine kabisa, mke anakupokea mgeni!

— Na kikulacho ki nguoni mwako, Wakili akamalizia. Kwa hivyo lazima akuvue shati.

Gari ikafika. Masika akashuka, na nyuma yake mzee mmoja mgeni mwenye kikapu, anayengoja gari ya Kengeja. Tukawasogezea nafasi wote wawili. Redio hakungoja hata salamu ziishe.

— Vyereje, Masika? Kakufunga waya?

— Waya wa nini? Kulikuwa na viti viwili, changu na chake. Akafunga mlango, akanambia: utakayoyasema humu yatabaki humu. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Saa hii ni yako.

— Na karatasi? Wakili akauliza.

— Aliandika jina langu na umri wangu. Akaniuliza nalala vipi, nakula vipi. Halafu akaniuliza siku ile ilikuwaje.

— Ukamwambia?

— Kwanza nilishindwa. Nilitazama sakafu mpaka nikazijua nyufa zake zote. Hakunihimiza. Halafu nikasema. Nikalia.

— Mwanamme mzima! Mbele ya mtu!

— Nililia, Wakili. Na hakunambia nyamaza.

Wakili akainamisha macho kwenye kikombe. Mie pia, kwani matangani kwa Jaribu mie ndie niliyemshika Masika bega nikamwambia, "Jikaze, hii kudra ya Mungu." Nilidhani nimemsaidia.

— Basi umeshapona? Redio akauliza, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo.

— Bado. Hakunificha: si kazi ya siku moja. Nirudi Jumanne ijayo, na nyingine, na nyingine. Na huenda siku mbili hizi nikajihisi vibaya zaidi, nisiogope. Lakini leo gari haijatoka Chake nimeshapitiwa na usingizi. Utingo ndie aliyeniamsha hapa.

 Mwaka mzima hatukumsikia Masika akitaja usingizi ila kwa kuulilia.

Yule mzee wa Kengeja akaweka kikombe chake chini.

— Samahanini, mie mgeni. Nyinyi jamaa zake, mlipomuuliza siku ile ilikuwaje, alikwambieni nini?

 Mmanga akainama kuchochea makaa. Mwaka mzima tulikaa na Masika baraza moja, tukabishana juu ya bei ya karafuu, juu ya uchaguzi, hata juu ya waya za daktari. Swali lile hakuna aliyelitoa.

Gari ya Kengeja ikapiga honi. Mzee akaaga, akapanda.

Redio ndie aliyesogea, akakaa karibu na Masika, goti kwa goti.

— Masika, ndugu yangu. Ilikuwaje?

Masika akatazama chini, kama alivyoitazama sakafu ya daktari. Hakuna aliyemhimiza.

— Ilikuwa asubuhi, akasema. Umande ungalipo. Jaribu alikuwa akinicheka, ananambia nimezeeka...