Mama Eliane Niyonkuru na Masomo Aliyojipangia Mwenyewe

Mama Eliane Niyonkuru alizaliwa Nyamianda, hapa Uvira, tarehe 14 Machi 1981, mtoto wa tatu wa marehemu baba Norbert na mama Pétronille. Alisoma Kasenga, akapata diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari mwaka 1999, kisha akasomea uuguzi.

Miaka kumi na tano aliwahudumia wagonjwa wa kipindupindu huko Kavimvira. Tarehe 9 Agosti 2008 alifunga ndoa na Emery Muhire. Emery husimulia kwamba siku ya posa mchumba wake alichelewa saa nzima, akaingia mbele ya wazee na mabuti ya kazini miguuni.

Kipindupindu ndicho kilichomrudisha shuleni. Mama mmoja alikataa kutia klorini katika maji, akamwambia: "Minye siwezi kunywesha watoto dawa na hawana ugonjwa." Eliane akatambua kwamba kosa lilikuwa katika neno "dawa", si katika yule mama. Mwaka 2019 aliomba masomo ya uzamili yasiyo na idara: uuguzi, elimu ya maji na lugha, vyote katika mpango mmoja alioupanga mwenyewe. Idara tatu zilimkatalia. Aliyekubali kumsimamia ni profesa Eugène, baba wa ubatizo wa mtoto wake Héritier. Miaka mitatu Eliane alipita nyumba kwa nyumba akiandika maneno ya akina mama kuhusu maji, na kila daftari lilipojaa alimkabidhi Eugène.

Mwaka 2022 Eugène alimwandikia kwamba mpango wake umefutwa. Miezi saba baadaye akatoa kitabu kwa jina lake peke yake. Siku ya uzinduzi Eliane aliomba neno.

"Profesa, huyu mama wa ukurasa wa arobaini, mwenye alikataa klorini, weye ulimukuta wapi?"

"Kavimvira. Nilizungumza na wengi."

"Jina lake nani?"

Eugène akamwita muulizaji mwingine.

"Anaitwa Bénédicte," Eliane akasema. "Iko hapa."

Mama Bénédicte, aliyekuja naye, akasimama. "Na minye huyu baba simujue."

Chuo kiliahidi uchunguzi. Barua ya majibu haijafika mpaka leo. Eliane alimwambia kaka yake Gracien: "Kitabu ningemuachia. Lakini alikuwa anakula kwetu." Hakulizungumza tena.

Mwezi Novemba 2023 aliugua figo. Alifariki hospitalini tarehe 2 Juni 2024, akiwa na miaka arobaini na mitatu, mkono wake ukiwa katika mkono wa Emery.

Eugène ametuma shada la maua, akaomba kusema machache leo. Familia imelirudisha shada, na neno hakupewa. Diploma ya uzamili marehemu hakuipata. Msalabani tumeandika "Muuguzi", kwa kuwa hilo hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Ameacha mama yake Pétronille, mume wake Emery, watoto wake Espoir na Héritier, na kaka yake Gracien.

Dada yetu, lala salama. Mungu akupe pumziko lisilo na hila.